Mshambuliaji wa Jamaika: chuo cha Marekani au Ulaya moja kwa moja?

Darren Mattocks alipitia Chuo Kikuu cha Akron, kisha Vancouver Whitecaps wakamchukua wa 2 kwenye drafti ya 2012 (klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu) ya MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada. Shamar Nicholson alitoka Boys' Town ya Kingston hadi Domžale ya Slovenia (2017), Charleroi ya Ubelgiji (2019), halafu Spartak Moscow.

Kwa gharama, chuo huonekana bure, lakini soma barua ya ufadhili vizuri. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la vyuo iligawana ufadhili kamili 9.9 kwa kikosi kizima, hivyo wengi walipata nusu au robo na familia ikajaza pengo kwa dola. Ulaya unalipwa tangu mwezi wa kwanza, ila FIFA, isipokuwa kwa hali chache, hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18.

Kwa dakika za uwanjani, Ulaya inashinda waziwazi. Msimu wa chuo huanza Agosti na kuisha Desemba, na mfungaji hukomaa kwa kucheza wiki baada ya wiki. Klabu ya nyumbani nayo hufaidika: ada ya uhamisho ikilipwa mkataba ukiwa hai, 5% yake hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23.

Goti likiharibika, mwenye shahada ana pa kushika. Kijana wa miaka 17 mwenye alama nzuri, chuo kinamfaa. Wa 20 anayefunga kila wiki ligi kuu ya Jamaika, asisubiri darasa. Adai kwa maandishi bima ya majeraha na kibali cha kazi kabla ya kupanda ndege.