Kinyozi wa karibu na stendi, Shinyanga: kichwa 2,000, mjadala wa Stand United bure

Nianze na kichwa cha mwanangu Doto, maana ndicho kilichonikalisha chini niandike. Upande wa kulia amenyolewa hadi unatamani kumpiga picha: nywele zinapungua taratibu kutoka utosini kwenda sikioni, huoni zilipoishia. Upande wa kushoto ana ngazi. Ngazi tatu, nimezihesabu. Ya pili ilipatikana mjadala uliporudi kwa timu ya Kagera Sugar.

Saluni yenyewe iko nyuma ya maduka ya karibu na stendi hapa Shinyanga mjini, banda la mabati lililopakwa bluu, mlangoni pana pazia la shanga lililobaki nyuzi sita. Jina silitaji. Kwanza nitarudi tu, pili mwenye saluni ananiita shemeji: yeye na mume wangu walipiga debe pamoja miaka mingi kabla hajaamua kushika mashine. Mimi nauza chai na chapati asubuhi palepale stendi. Kwa hiyo nikizungumzia Stand United sizungumzi kwa kusimuliwa. Timu ile ya soka ilizaliwa na wapiga debe, hawahawa wanaokuwahi begi kabla hujakanyaga chini, ndiyo maana inaitwa Stand na ndiyo maana tunaiita Chama la Wana. Kuna waliokunywa chai yangu kwa mkopo huku wakichangishana hela za timu. Baadhi ya mikopo hiyo bado imo kwenye daftari langu, na siwadai tena, nawakumbusha tu.

Sasa huduma. Bei zimebandikwa ukutani: mtu mzima 2,000, mtoto 1,000, ndevu 1,000, kupaka nywele rangi nyeusi 3,000 (wazee wa mji huu wanaipenda hii kuliko wanavyokiri). Kuna na kusuguliwa uso kwa skrabu, 5,000, ila sijamwona mtu akifanyiwa hata siku moja, na kopo la skrabu lina vumbi.

Usafi nawapa haki yao yote. Mashine inapigwa spiriti mbele ya macho yako kabla haijagusa kichwa, na shingoni unafungwa karatasi mpya kabla ya lile shuka. Kulwa, pacha wa Doto, ana ngozi inayotoka vipele hata akitazamwa vibaya, lakini kwa hawa hajawahi kutoka. Mwenye watoto wa kiume anajua uzito wa jambo hilo. Nimewahi kwenda kwengine, viti vya ngozi, televisheni ukutani, mtoto akarudi na kisogo kama mahindi ya kuchoma.

Viti vya kunyolea ni viwili. Cha mwenye saluni kimefungwa mpira wa baiskeli mguuni na kinaelemea kushoto. Cha kijana wake wa kazi, kile cha dirishani, ni kizima. Kuna benchi ya wanaosubiri, feni inayopeleka vumbi kutoka upande huu kwenda ule, na kioo kirefu ukuta mzima. Unajiona kwenye nusu ya chini tu. Nusu ya juu wameiandika kwa makapeni ya bluu:

Nyumbani mechi 15 = 45
Ugenini sare 15 = 15
Jumla 60
TUNAPANDA

Neno la mwisho limepigwa mstari mara mbili.

Kwa asiyefuatilia: Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, ina timu 16, kila mmoja anacheza mechi 30. Wawili wa juu wanapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanachujana wao kwa wao, na atakayeshinda bado hajapanda, anakwenda kumalizana na timu ya Ligi Kuu iliyokwisha kuchungulia kaburi. Msimu wa 2024/25 zile nafasi mbili walizibeba Mtibwa Sugar na Mbeya City. Sisi tukaangukia kwenye mchujo. Tukawatoa Geita Gold, mji ukachangamka, kila mtu akaanza kutafuta jezi yake ya zamani chini ya godoro. Kisha Fountain Gate wakatufungia mlango usoni. Tangu hapo hapa saluni hakuna kinachozungumzwa isipokuwa msimu uliofuata, wa 2025/26.

Nilifika Ijumaa saa tisa alasiri na mapacha wangu. Kesho yake ilikuwa mahafali yao ya darasa la saba na nilikuwa na ombi moja tu: vichwa vifanane. Shemeji akasema, "Mama Kulwa, hilo dogo." Kulwa akakaa kwenye kiti cha kijana. Doto akakaa kwenye kile kinachoelemea.

Benchi ilikuwa na mzee mmoja aliyestaafu, huyu hanyoi, upara wake unajitosheleza, ila haondoki pale mchana kutwa, na dereva wa bajaji aliyeacha chombo chake nje kikiwa kinazuia njia. Nikamwamkia mzee, watoto wakamwamkia. Kabla sijakaa kijana alikuwa ameshaanza.

Hoja yake ilikuwa nzito. Alisema walioshuka kutoka Ligi Kuu kuja msimu huu ni Kagera Sugar na KenGold, na Geita Gold bado wapo wanatukumbuka kwa kile tulichowafanya. Nafasi ni mbili. Hesabu vichwa: Kagera, KenGold, Geita, sisi. Hapo hujaweka timu hata moja ya kushtukiza, na kila msimu ipo.

Shemeji akasimamisha mashine. Hiki ndicho kilema chake: hawezi kubisha na kunyoa kwa wakati mmoja. Kijana anabisha mkono ukiwa kazini, haupotezi hata unywele, lakini bosi wake mpaka ashushe mkono, ageuke, amtazame mtu machoni. "Timu ikishuka inavunjika," akasema. "Wazuri wanasajiliwa kwengine, wanabaki wale ambao hata mama zao hawawapigii simu. Kagera wa Ligi Kuu siye Kagera mtakayemwona huku chini."

"Mtibwa walishuka 2024, wakarudi 2025," kijana akajibu, hakuinua macho kutoka kichwani kwa Kulwa. "Walivunjika lini?"

"Na Geita walishuka nao mwaka uleule. Mbona hawajarudi?"

Ilikuwa sare, moja kwa moja. Doto hapo alikuwa na upande mmoja ulionyolewa na mwingine una nywele kama alivyotoka nazo nyumbani, na alikuwa akimwangalia shemeji kwenye kioo kama anavyotazama katuni.

Mzee ndipo akaleta ya 2016. Kila mjadala wa kupanda daraja huku Kanda ya Ziwa lazima ufike 2016, utake usitake. Siku ya mwisho ya kundi C la daraja la kwanza, ndilo Championship ya leo, Geita Gold na Polisi Tabora wote wanataka kupanda, wote wanahitaji mabao. Geita wakashinda 8-0. Polisi Tabora wakashinda 7-0. TFF, shirikisho la mpira, wakakaa, wakasema huu si mpira, wakawashusha, na aliyepanda akawa Mbao FC ya Mwanza. "Kwa hiyo," mzee akasema, na kidole kikielekea kwenye kioo, "hesabu zenu hizo za makapeni mnaandika tu. Daraja hili mtu anapanda akiwa amekaa nyumbani kwake anakula michembe."

Hapo mzee alikuwa amesema vizuri, lakini akaongeza chumvi. Akadai sisi tulipopanda 2014 tuliingia Ligi Kuu kwa kishindo, mechi ya kwanza tukatoa sare. Nikashindwa kunyamaza. "Mzee wangu, samahani. Mechi ya kwanza tulipigwa nne moja na Ndanda, hapahapa Kambarage." Nakumbuka kwa sababu nilibeba ndoo mbili za chapati kwenda kuuza nje ya uwanja kwa furaha ya mji, na nilirudi nayo moja imejaa. Watu waliofungwa nne hawali.

Pakawa kimya kidogo. Dereva wa bajaji akacheka, akasema mama ana data.

Basi nikatoa hoja yangu, maana nilishachokozwa. Shida ya kioo kile ni ule mstari wa kwanza. Nani kawaambia mechi 15 za nyumbani ni pointi 45? Mashabiki wa Stand tunaishi kwa mechi mbili tatu ambazo tunazisimulia hadi leo. Septemba 2016 tuliwafunga Yanga 1-0 Kambarage, bao la Pastory Athanas, dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa Simba wakamchukua. Septemba 2018 Alex Kitenge, yule Mrundi, akaenda Taifa akawapiga Yanga matatu peke yake. Matatu! Na bado tulifungwa 4-3. Watu wanaisimulia mechi ile kama vile tulishinda. Wanachosahau ni kwamba msimu uleule, Mei 2019, tulishuka daraja pamoja na African Lyon. Matatu ya Kitenge hayakutubakiza. Kilichotushusha ni zile mechi ambazo hakuna anayezikumbuka, Jumatano saa kumi, jukwaa tupu, sare ya bila kufungana na timu usiyoijua hata rangi ya jezi.

"Na hizo sare 15 za ugenini," nikaendelea, "mtazipata vipi? Mbeya ni safari ya kutwa kwenye basi. Kaitaba, uwanja wa Kagera kule Bukoba, mtu anakungoja amelala kitandani kwake. Ukipata sare tano mshukuru Mungu."

Shemeji alikuwa amegeuka kabisa, mashine inanguruma hewani. "Shemeji, wewe unataka tushuke?"

"Nataka unyoe mtoto."

Akacheka, akarudi kazini. Ngazi ya kwanza ni hapo. Akakumbuka jambo, akageuka tena, akasema Kagera mwenyewe Kaitaba alikuwa akifungwa msimu mzima, mbona sisi tusichukue zote tatu. Ngazi ya pili. Kijana alikuwa amesema mara mbili, "Bosi, luku inalia," na kweli kulikuwa na mlio, lakini wote tulidhani ni bajaji ile nje. Mashine ikazima.

Si umeme uliokatika, yuniti ziliisha. Na hapa ndipo ninapowakata nyota. Saluni inayotegemea mashine mbili haiwezi kumaliza yuniti Ijumaa alasiri wakati shule zote za mji zina mahafali Jumamosi. Shemeji akatoa simu kununua, ujumbe wa tokeni haukuja. Tukasubiri. Dereva wa bajaji akajaribu kwa simu yake, nao haukuja. Kulwa alikuwa ameshamaliza, anang'aa, amekaa benchi na mzee, wanakula karanga. Baada ya nusu saa shemeji akachukua mkasi na kitana, akamalizia upande wa kushoto kwa mkono, na mwishoni kwa wembe. Alijitahidi, sitasema uongo. Jasho lilikuwa likimtoka. Lakini mkasi si mashine, na ngazi ya tatu ikajitokeza palepale.

Tokeni ilikuja tulipokuwa mlangoni.

Hela ya Doto hakuichukua. Nilimpa, akaikunja akairudisha mkononi kwa mtoto, akamwambia akanunue soda, na arudi Jumatatu asawazishwe bure. Hakutafuta wa kumlaumu, wala hakusema "mtoto alikuwa anacheza-cheza," kama nilivyowahi kuambiwa kwengine.

Nikimpa mtu ushauri: kama una harusi, mahafali au usaili wa kazi, kaa kiti cha dirishani kwa kijana, hata kama foleni ni ndefu. Kama ni lazima ukae kwa bosi, mwambie wewe ni wa Simba tu au wa Yanga tu, za Championship huzijui. Atakuhurumia, atanyamaza, na dakika 15 umeshamaliza. Ukivaa kitu chochote chenye rangi za Stand umekwisha. Asubuhi kabla ya saa nne mzee hajafika, na mzee ndiye kuni. Na uliza luku kabla hujafungwa shuka.

Usafi nyota tano. Bei tano. Kijana tano. Bosi, kwa kunyoa, mbili. Kwa roho, nne. Utabiri wa soka, sifuri ya mviringo.

Jumamosi kwenye mahafali walimu wawili walinifuata kunishukuru. Walisema kwa miaka saba hawakuwahi kuwatofautisha wanangu, na leo wameweza. Doto alikuwa akigeuza shingo makusudi.

Jumatatu nikampeleka kusawazishwa. Dakika kumi, mashine haikusimama hata mara moja, kwa sababu mzee alikuwa kliniki. Nilipoinua macho kwenye kioo nikaona ile 45 imefutwa kwa kidole, wino umechafuka pembeni, na juu yake pameandikwa 42. Jumla nayo imeshuka, 57. TUNAPANDA imebaki na mistari yake miwili. Ila pembeni ya pointi tatu zilizokatwa kuna maneno madogo, mwandiko wa yule kijana: "mechi ya Mama Kulwa."