Kupanga santuri za muziki wa dansi nyumbani: kwa mwanamuziki au kwa bendi?

Mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alivuma na bendi ya Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaunda bendi ya Super Volcano. Ukipanga kwa jina lake, unamsikia akikua wimbo hadi wimbo. Raha hiyo mpangilio wa bendi hauna. Ila kupanga hivyo ni kazi kubwa, maana waimbaji wengi hawakutajwa kwenye santuri.

Kupanga kwa bendi ni haraka: jina lipo kwenye lebo. Tatizo ni bendi zilizobadili majina. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Lazima uchague jina moja, la sivyo utazitawanya nyimbo zake.

Aliyerithi santuri za mzazi aanze na bendi. Anayefuatilia gitaa la mtu mmoja, amfuate mtu huyo.