Leva ya gia yenye beringi: nimeipenda, ila sio kwa sababu wanayoitangaza

Nimetoa leva ya gia iliyokuja na pikipiki nikafunga zile seti za alumini, zenye beringi pale leva inapozungukia, ncha ya kukunjika na rodi mpya ya kuunganisha leva na shafti ya gia, yenye vichwa vya gololi ya chuma. Wauzaji wanapigia debe wepesi na rangi. Wepesi wa leva mguu hausikii hata kidogo jamani, unachosikia ni kwamba leva haichezi tena, basi, na hicho ndo cha kulipia.

Kabla hujanunua zima injini, chutama kando ya pikipiki, shika ncha ya leva kwa vidole viwili uipandishe na kuishusha polepole huku macho yako yako kwenye shafti inayoingia kwenye injini. Pale ncha inapotembea na shafti bado imetulia, hapo ndo utamu wote wa gia unapopotelea. Ya zamani ilikuwa inatembea karibu sentimita nzima bure, tundu la bushi, pale leva inapozungukia, limelika limekuwa kama yai, vichwa vya rodi vimelegea, na wengi wakifika hapo wanaanza kulaumu giaboksi. Hii mpya ukigusa tu shafti inaitikia, unasikia kabisa gia ikikaa mahali pake, na ule mtindo wa kuangukia free (bila gia yoyote) katikati ya gia mbili umepungua sana manake sasa mguu ukimaliza safari yake na shafti nayo inamaliza ya kwake.

Sasa pembe, na hapa ndo seti nyingi zinaonekana mbovu bure. Leva ikiwa imetulia, rodi inatakiwa ikutane na ule mkono mdogo wa kwenye shafti kwa nyuzi 90 hivi. Ikienda mbali na hapo utakuta kupandisha gia ni laini na kushusha ni kazi, au kinyume chake. Kurekebisha ni rahisi, legeza loknati zote mbili, zile nati zinazoifunga rodi isizunguke, uzungushe rodi yenyewe, upande mmoja una nyuzi za skrubu za kawaida na mwingine za kinyume kwa hiyo inarefuka au kufupika bila kufungua kitu. Usiirefushe mpaka nyuzi zibaki chache ndani, kama rodi ni ya unene wa milimita 6 acha walau milimita 6 zimeshika. Kuhamisha mkono jino moja kwenye shafti kunabadilisha kimo cha leva kwa mkupuo, hiyo fanya tu pale rodi imeshindwa kufika, na weka alama kwanza kabla hujauchomoa.

Mkono wa kwenye seti hii una matundu mawili na nimejaribu yote. La karibu na shafti mguu unatembea kidogo lakini unasukuma kwa nguvu zaidi, la mbali ni laini ila safari inakuwa ndefu. Mi nimebaki na la mbali, kwenye foleni unabadilisha gia kila saa na mguu hauchoki, ila anayevaa buti nzito nadhani atapenda la karibu.

Kasoro zipo. Ncha haina mpira, ni chuma chenye meno na inakula kiatu, ukivaa raba utajuta. Vichwa vya rodi havina vifuniko, matope yakiingia vitaanza kucheza kama vya zamani, kwa hiyo futa na pulizia mafuta kila ukiosha. Kubwa kuliko zote, kaangalie ule mrija unaopita katikati ya beringi, lazima uzidi upana wa leva kidogo. Ukiwa mfupi, ukikaza bolti inaibana leva yenyewe, inakuwa nzito na hairudi katikati, na isiporudi gia inayofuata haiingii. Wangu ulikuwa mfupi kwa unywele tu, washa (kile kipete bapa cha chuma) moja nyembamba ikamaliza kesi.

Ncha ya kukunjika ni ya maana kweli, pikipiki ikilala upande huo inakunjika badala ya leva kujikita kwenye kava ya injini. Ukimaliza kufunga inua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono na upitie gia zote juu na chini injini ikiwa imezimwa, uone kama leva haigusi kava wala pa kukanyagia.

Kama klachi yako haiachii vizuri au oili imechoka, anza na hivyo, hakuna leva itakayosaidia. Na kama leva yako imefungwa moja kwa moja kwenye shafti bila rodi, seti hii haikuhusu, angalia tu kama meno ya ndani yamelika na kama bolti inabana sawasawa.