Filta za tangi la kambare kijiti hapa Dodoma: uliza umeme ukirudi itakuwaje

"Dada, kambare vijiti wangu wamekufa wote wawili na filta bado mpya." Ujumbe huo umetoka Nkuhungu. Umeme ulikatika usiku, alfajiri ukarudi, filta haikurudi nao. Malalamiko ya namna hii nimeyachoka, basi leo tuzipange filta, kuanzia bora mpaka mbovu.

Rangi, taa na kelele sizigusi. Hata zile lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi zisikusumbue, kwa kawaida hupimwa filta ikiwa tupu. Ninachouliza ni kimoja: umeme ukikatika ukarudi, inawaka yenyewe? Kambare kijiti, yaani Farlowella, ni samaki wa mito ya Amerika Kusini. Anataka maji yenye hewa nyingi lakini yasiyomsukuma. Na kwa vile hushinda ametulia kama kijiti kikavu, akifa unaweza kufika jioni ukidhani amepumzika.

Ya kwanza ni Eheim classic 250, wengine huiita 2213. Sifichi, mimi ni mtu wa Eheim. Ni filta ya nje, kopo linakaa chini ya tangi, kwa hiyo mipira yake ya kupitishia maji hubaki imejaa na umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Inakula wati 8 tu. Mrija wake wenye matundu, ule unaorudisha maji tangini, ulaze karibu na uso wa maji, hewa itaingia bila kumpeperusha samaki. Kuiwasha mara ya kwanza lazima uvute mpira kwa mdomo, na maji ya samaki utayanywa, pole. Ila umeme ukikatika usiku kucha, ichomoe. Bakteria waliomo kwenye kopo hukosa hewa na kufa, na maji yale yakirudi tangini ni sumu. Yamwage kwanza, suuza, ndipo uwashe. Najua hapo najipinga, lakini kwa umeme wa kukatika na kurudi baada ya muda mfupi haina mpinzani.

Kama unazalisha, mdomo wa kuvutia maji uvike sponji. Dume, yule mwenye vinywele kwenye pua, hulinda mayai yaliyobandikwa kwenye kioo kwa siku kadhaa, halafu filta inavimeza vifaranga kwa usiku mmoja. Inauma.

Ya pili, filta ya ndani inayozama. Maji yetu ya visima vya Mzakwe ni magumu. Ukoko mweupe unaouona kwenye birika huganda pia kwenye sumaku inayozungusha maji. Ikiwa inazunguka hutajua kitu. Ikisimama ndipo inagoma: inanguruma tu na kupata joto. Loweka kile kisumaku kwenye siki kila mwezi, usuuze vizuri.

Ya mwisho kabisa ni ile ya kuning'inia nyuma ya tangi, ndiyo aliyouziwa dada wa Nkuhungu. Kiangazi cha hapa kinakausha maji ya tangi kila siku. Yakishuka, umeme ukakatika, filta inapoteza maji yake. Ukirudi inasaga hewa mpaka inaungua.

Sponji na pampu ya hewa? Rahisi, inafanya kazi, weka valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu. Basi.

Sasa wauzaji. Mwambie akuwashie filta kwenye ndoo, aichomoe, asubiri kidogo, airudishe. Wengi watakuambia "haina shida mama, hii original", na ndoo hawana. Duka la samaki halina ndoo! Kipuri ukikiulizia unaambiwa nunua nyingine nzima. Na bei haibandikwi popote, unatazamwa kwanza umeshuka kwenye gari gani. Bunge la bajeti likianza ndiyo usiseme, kila mteja anageuka mheshimiwa. Mimi siku hizi namtuma kijana wa bodaboda akaulize bei kabla sijaenda.