Bilauri za "Kirumi" za Nakuru: kwa juisi sawa, kwa chai la

Mimi nauza juisi pale Section 58, kwa hivyo vyombo vya kioo navijua kwa kuvivunja. Bilauri hizi nilizitoa kwenye duka moja la mapambo hapa mjini, shilingi 900 kila moja. Kijana wa duka alisema ni "mtindo wa Kirumi". Nikamjibu, "Ndugu yangu, Warumi hawakuuziana kwa bei hiyo." Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeishi zama za Kaisari Augusto, aliandika kwamba mjini Roma bilauri iliuzwa kwa sarafu moja tu ya shaba. Kilichoshusha bei ni pumzi. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mafundi wa pande za Siria na Palestina walianza kupuliza kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya bomba, na ile kazi ndefu ya kalibu na kusugua ikapata mpinzani.

Kuhusu mtindo, lakini, hakunidanganya. Rangi ni ya kijani kinachoelekea bluu, viputo vimetapakaa, na chini ya kitako kuna kovu mahali fundi alipoishikilia kwa fimbo ya chuma. Vyombo vingi vya Kirumi viko hivyo hivyo. Kijani chao kilitokana na chuma kilichomo mchangani. Aliyetaka kioo kisicho na rangi alitia antimoni au manganizi. Hizi zangu zimetokana na chupa kuukuu, na hata hilo ni la Kirumi: Roma kulikuwa na wachuuzi waliopita wakitoa vijiti vya salfa na kupokea vioo vilivyovunjika, kama vijana wetu wa skrepu. Magadi nayo ilikuwepo. Waliichota Wadi El Natrun, Misri, kwa sababu mchanga peke yake hauyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700, ila ukitiwa magadi unalegea mapema zaidi. Sisi twaitia kwenye mrenda, na bado twashangaa kioo kinatoka wapi!

Sasa lawama. Moja niliimiminia chai ya tangawizi, ufa ukapanda kutoka kitakoni hadi mdomoni. Hiyo nasamehe, kioo kinene hakipendi moto wa ghafla. Nyingine ilipasuka usiku ikiwa rafuni, tupu, haijaguswa na mtu. Hiyo ni kazi ya haraka: kioo kikitoka motoni hupozwa polepole ndani ya tanuri, la sivyo kinabaki kimejikaza kwa ndani kikingoja siku yake.

Ile ya rafuni nilibadilishiwa bila maneno. Ya chai walikataa, na ni haki yao.

Zilizobaki nazitumia kwa ukwaju na wateja wanaziulizia. Ukienda, inua kila moja kwenye mwanga uangalie ukuta wake: yenye upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, irudishe. Na omba bei ipungue. Kwa 700 wanakubali ukichukua nne.