Uzoefu wangu: MLB The Show 23 kwenye PS5, na mechi zenyewe pale Fenway Park

Mimi naishi Worcester, Massachusetts, na besiboli naipenda kupita maelezo. Gemu ni MLB The Show 23, ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, nacheza nikitoka kazini, na msimu ukianza kila nikibahatika kupata tiketi ya bei nafuu naenda uwanja wa Fenway kuwaona Red Sox, timu ya Boston. Naandika hivi kwa sababu Waswahili wenzangu wengi huku wanasema besiboli inachosha, watu wamesimama tu hakuna kinachoendelea. Jamani kinaendelea, tena kila mpira unaporushwa, na hili gemu ndo lilinifungua macho.

Chukulia kurusha. Kuna mfumo unaitwa Pinpoint, kila aina ya mpira ina mchoro wake na wewe unauchora kwa stiki ya kulia, fastboli, yaani mpira wa kasi, unavuta chini unasukuma juu, ya kupinda unazungusha, halafu mwishoni lazima umalizie kwa wakati na upande sahihi, ukichelewa kidogo mpira unapita katikati kabisa na mpigaji anaupeleka jukwaani kwa mashabiki. Mrushaji wako akianza kuchoka unaona kabisa mipira haitii tena. Sasa ukishazoea hivyo nenda ukakae blichazi za Fenway, zile siti za nyuma ya senta fildi, mwisho wa uwanja katikati, zinatazamana moja kwa moja na kecha, yule mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Angalia glavu yake. Inasogea taratibu kwenda nje, mrushaji anatupa nje, mpigaji anakosa, mpira unaofuata glavu imehamia ndani karibu na magoti, na mimi pale nilipo nimeshajua kinachokuja ila yule mwenye gongo hajui. Mpira wa maili 95 kwa saa, yaani kama kilomita 153, unasafiri mita 18 na kitu, hana hata nusu sekunde ya kuamua. Ile raha siwezi kuielezea, moyo unaenda mbio kwa mpira ambao hata haujapigwa.

Uwanja wenyewe ni wa 1912, ndio mzee kuliko wote kwenye ligi kuu. Upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani, Green Monster, zaidi ya mita 11 kwenda juu, na ubao wa matokeo ulio chini yake mpaka leo kuna watu wako ndani ya ukuta wanabadilisha namba kwa mkono. Ukuta uko karibu na mpigaji lakini ni mrefu, mpira ambao kwingine ungekamatwa kirahisi hapa unaweza kuwa hom rani, yaani unavuka ukuta na mpigaji anazunguka besi zote, na mwingine uliopigwa kwa hasira kweli unagonga ukuta na kurudi chini, mtu anaishia besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza tu. Kwenye gemu wameuweka hivyo hivyo, nimejifunza kuudaka ule mpira unaorudi nikiwa kwenye kochi.

Lakini kilichonishika zaidi ni sehemu inaitwa Storylines, ya ligi za watu weusi za zamani, enzi ligi kuu ilipokuwa haiwachezeshi. Anayesimulia ni Bob Kendrick, rais wa jumba la makumbusho la Negro Leagues kule Kansas City, na anasimulia kama babu anayekujua, halafu unapewa ucheze wewe mwenyewe. Unakuwa Satchel Paige unarusha, huyu ligi kuu ilimfungulia mlango 1948 akiwa na timu ya Cleveland, umri miaka 42, na mwaka huo huo wakabeba ubingwa. Fikiria alikuwa anarusha vipi akiwa na 25. Nilipomaliza nikaanza kusoma mwenyewe na nikakuta kitu kinachonihusu, kwamba Aprili 1945 Jackie Robinson, yule aliyekuja kuvunja ubaguzi wa ligi kuu, aliletwa hapo hapo Fenway kufanyiwa majaribio pamoja na weusi wenzake Sam Jethroe na Marvin Williams, na Red Sox hawakumsajili hata mmoja. 1947 Robinson akaingia ligi kuu na Brooklyn Dodgers, na Red Sox wakawa timu ya mwisho kabisa kuchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, 1959. Timu yangu hiyo. Inauma, na bado naipenda, ila sasa hivi nikikaa pale natazama ule uwanja kwa macho mengine, na gemu lililonifikisha huko nalipa heshima yote.

Sehemu ya Road to the Show nayo tamu, unatengeneza mchezaji wako anaanzia ligi za chini, wangu alipita timu ya Worcester kabla hajaitwa Boston, mji wangu huu huu, nilifurahi mno.

Anayeanza gemu aweke ugumu kwenye Dynamic, unapanda wenyewe kadiri unavyoiva. Tiketi za Fenway mechi za katikati ya wiki mwezi wa nne ndo huwa nafuu, ila baridi ya Boston usiku wakati huo ni kali, vaeni koti zito. Kutoka Worcester treni inashusha kituo cha Lansdowne, unatoka nje uwanja huo hapo. Wenye watoto anzeni uwanja wa Polar Park hapa Worcester, ndiko wanakochezea vijana wanaosubiri kuitwa Boston, na unakaa karibu kiasi cha kusikia gongo likiukuta mpira.