Viza ya mama kwenda kumuona mwanajeshi wetu Uingereza: ajenti nampa nyota 1, kujijazia wenyewe nyota 4

Naandika hii kwa familia zenye mtoto aliyeingia jeshi la Uingereza, maana Kenya tuko wengi na kila mmoja ana mama anayetaka kwenda kumuona. Kakangu mdogo alikuwa anamaliza mafunzo Catterick, kule Yorkshire, mwaka 2024, akatutumia tarehe ya gwaride la kuhitimu na mama akaanza kuhesabu siku. Nikasema tusibahatishe, tutafute mtu anayejua. Tukaenda kwa ajenti wa viza hapa tauni Nairobi, jina sitaji, ofisi safi, anaongea vizuri, akatuambia ati kuna viza ya familia za wanajeshi na yeye ndiye anajua njia yake, shilingi 45,000 za kazi yake, ada ya viza kando.

Hapo ndipo tulipoliwa. Hiyo njia ya familia za wanajeshi ipo kweli, lakini ni ya mke, mume au mwenzi na watoto, kwa kawaida walio chini ya miaka 18. Mama mzazi hayumo, na ndugu pia hawamo. Mzazi anaomba viza ya kawaida ya mgeni, ile ya miezi 6, sawa na mtu yeyote anayeenda kutembea. Na mwishowe ajenti alijaza hiyo hiyo ya mgeni, tena vibaya. Aliandika kakangu yuko Uingereza na viza ya kazi wakati mwanajeshi wa kutoka nje akiwa kazini hana viza hata moja, anapigwa muhuri kwenye pasipoti kwamba sheria za uhamiaji hazimhusu muda wote anaotumika. Halafu, na hili ndilo linaniuma mpaka leo, akatuambia akaunti ya mama haina nguvu, tukope tuweke laki nne siku mbili kabla ya kutoa stetimenti. Mama ni mkulima wa majani chai Nyamira, pesa zake zinaingia kila mwezi kupitia sacco kidogo kidogo na bonasi mara moja kwa mwaka, sasa ghafla laki nne zinatokea wapi? Wakamnyima. Barua ikasema hawakuridhika kwamba ni mgeni wa kweli atakayerudi kwao. Ada, wakati huo pauni 115, hairudishwi, na viza ya mgeni haina rufaa, unaomba upya tu. Gwaride likapita mama akiwa Nyamira. Nilimpigia ajenti akaniambia tuombe tena na yeye kwa bei ileile.

Mara ya pili, 2025, tulijaza wenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, mimi na mama mezani usiku mbili, yeye anaeleza mimi naandika. Ada ilikuwa imepanda, pauni 127. Fomu si ngumu, ni ndefu tu. Palipouliza kama amewahi kunyimwa tukasema ndiyo na tukaeleza zile laki nne zilitoka wapi, kila kitu, maana ukificha hapo unajiharibia zaidi.

Kakangu alituma barua ya mwaliko akisema yeye ndiye analipa tikiti na mama atalala wapi, peslipu za miezi 6, barua ya kikosi inayothibitisha anatumika na likizo yake ni lini, na kopi ya ukurasa wenye ule muhuri. Cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama pia, na kwa vile kwenye kitambulisho jina la mama limeandikwa tofauti herufi moja tukaenda kwa wakili tukapata hati ya kiapo. Upande wa mama tukaweka stetimenti ya sacco vile ilivyo bila kuongeza shilingi, risiti za majani chai, hati ya shamba, barua ya chifu. Hakuna kiasi maalum cha pesa wanachotaka uwe nacho, wanataka kuona pesa zinazolingana na maisha yako na sababu ya wewe kurudi, na mama ana shamba, ana ng'ombe, ana wajukuu wanaolala kwake.

Kituo cha alama za vidole Nairobi hatukukaa sana. Watakuuliza kama unataka huduma za kuongeza, za kulipia, mama akadhani ni lazima, si lazima. Kwa viza ya miezi 6 hakuna kipimo cha TB, mtu akikuuzia hicho ondoka. Jibu kwa kawaida ni wiki 3 kutoka siku ya alama za vidole, letu lilikuja kabla ya hapo, wakati huo ikiwa ni stika kwenye pasipoti. Unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, nyinyi msingoje mwezi wa mwisho kama sisi mara ya kwanza.

Kujijazia wenyewe nimekata nyota moja kati ya tano kwa sababu ya ada kupotea ukinyimwa, kwa mkulima hizo ni pesa za miezi.

Mama alienda Agosti, kakangu akiwa likizo. Siku ya pili asubuhi akavaa sare za gwaride hapo hapo sebuleni, na viatu, na kofia, akasimama wima mbele ya mama. Alinitumia picha. Mama amemshika mabega yote mawili na anaangalia vifungo.